Binti yangu amekataa kumsamehe mdogo wake. Nimlazimishe?

Mama Goba

Wadau wa malezi, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linaonekana dogo lakini limeshafika mpaka kwa wakwe.

Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka 9, ndiyo kwanza katoka kwenye upimaji wa darasa la nne. Wa kiume ana 6, yuko la kwanza. Pasaka tulipokwenda Kibosho, Kilimanjaro, bibi yao alimzawadia binti tetea mmoja mweusi, tukarudi naye huku Goba. Tangu siku hiyo kuku ndiyo maisha ya binti. Kabla hajavaa sare ya shule anakwenda kumwangalia. Alipoanza kuatamia hatukuruhusiwa hata kupita na ndoo karibu na banda. Akaangua tisa. Binti akawa anawawekea majani ya mwarobaini kwenye maji kwa kuogopa kideri, jambo ambalo alilisikia kwa jirani, na hesabu alishaipiga: majogoo watauzwa mwakani, anunue baiskeli.

Wiki iliyopita jioni mdogo wake alifungua banda "awashike kidogo". Alikwishakatazwa. Usiku kicheche akaingia. Asubuhi tulikuta manyoya na vifaranga wawili wamejibana nyuma ya debe la pumba. Tetea mwenyewe amepona, ila jicho moja limeharibika.

Baba yao akamwita yule mdogo pale pale. "Omba msamaha." Mtoto akasema "samahani dada", macho yako kwenye katuni. Baba akamgeukia mkubwa: "Haya, msamehe mdogo wako, yaishe, tunachelewa." Binti akasema, "Simsamehe." Hakupaza sauti. Baba akarudia kwa ukali, binti akachukua begi akatoka.

Tangu hapo hajabadilika. Zamani walikwenda shule wameshikana mikono. Siku hizi anatangulia, mdogo anamkimbilia nyuma begi likimdunda mgongoni. Wakifika kwenye lami anasimama, anamnyooshea mkanda wa begi lake ashike huo ndipo wavuke. Mkono hampi.

Mume anasema hicho ni kiburi, kinatolewa kwa fimbo. Mama mkwe alimwambia kwa simu, "Kila siku unasali Baba Yetu, unamdanganya Mungu?" Mtoto akalia, maana yuko kwenye mafundisho ya komunyo. Kisha mama mkwe akaniambia nitulie, tukipanda Krismasi atawapatanisha kwa isale, lile jani la msamaha la Wachaga. Mimi ni mtu wa Pangani, mambo ya isale nayasikia tu, ila nilivyosikia ni kwamba ukiletewa huwezi kukataa. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Nimlazimishe asamehe? Nimwache? Na hilo la isale nalikataaje bila kugombana na mama wa watu?

Mtoto wa Magomeni

Dada, sisi tulikuwa tunachapwa wote, mkosaji na mkosewa, mmoja kwa kukosa na mwingine kwa kuleta kelele. Jioni tunacheza kombolela kama kawaida. Hayo ya kuulizana hisia tumeyaona kwenu wa Goba.

Fundi Mabanzi

Samahani kwa swali la pembeni. Hilo banda linafungwa na nini?

Mama Goba

Na waya, ule wa kufungia nondo. Unausokota kwenye msumari. Mume aliahidi kuweka komeo tangu tulipomleta huyo kuku. Kwa nini?

Fundi Mabanzi

Mchana kukiwa na utulivu mwite huyo wa miaka 6, mwambie afunge banda. Usimwelekeze, usimsaidie. Halafu rudi hapa.

Mzee wa Umbwe

Mkwe wetu, mimi ni wa upande huo huo wa Kibosho, nimestaafu, niko kihambani. Nikueleze isale kwanza.

Ni ule mmea wenye majani marefu unaouona mipakani mwa vihamba na penye makaburi ya wazee wetu. Mpaka uliopandwa masale mtu mwenye akili haugusi. Na jani lake mtu akiletewa kwa ajili ya msamaha, anapokea. Atasema yote yaliyo moyoni, atanung'unika mpaka usiku, lakini kulikataa ni kujitafutia mkosi, na sijaona wengi waliothubutu. Ndiyo maana halitolewi ovyo. Ni la ndugu waliogombea shamba mpaka hawazikani. Ni la mtu aliyemwinulia mkono baba yake. Ni la mume ambaye mke karudi kwao na yeye anataka kwenda kumwomba. Sasa umletee mtoto wa miaka 9 kwa ajili ya vifaranga? Atapokea, ndiyo. Atapokea kwa sababu ukoo mzima umemkodolea macho. Wasiwasi wako ni wa haki.

Ila kuna kitu ndani ya desturi hiyo ambacho mume wako, mtoto wetu wa kabisa, amekiacha. Mkosaji hatumwi peke yake.

Kwetu mbuzi hawazururi, wanafungiwa na kukatiwa majani. Kaka yangu mkubwa, bado mdogo wa kama miaka minane, hakurudisha ubao wa zizi. Mbuzi akatoka, akaingia kwenye maharage ya jirani yetu mjane, yakiwa ndiyo yanatoa maua. Babu hakumchapa wala hakumtuma. Alichukua kibuyu cha mbege, akamshika kaka mkono, wakaenda. Mimi nikafuata kwa umbea. Kufika, babu akakaa, akaulizia afya, akaulizia mguu wa ng'ombe uliokuwa unauma, kaka amesimama pembeni anatazama vidole vyake vya miguu. Nilidhani babu kasahau kilichompeleka. Halafu akasema, "Mama, tumekula maharage yako." Yule mama akamtazama kaka muda mrefu. Akasema, "Kesho uje na jembe." Basi. Hakusema amesamehe, na babu hakumuuliza. Mbege wakanywa.

Kaka alikwenda na jembe, akaendelea kwenda mpaka maharage ya kupandwa upya yakaota. Siku moja akarudi na ndizi mbili za kuchoma alizopewa na yule mama, akazila mlangoni mbele yetu bila kumgawia mtu. Hatukuthubutu hata kumwomba.

Sasa nikuulize, kijana wako alisindikizwa na nani? Maana nilivyosoma, baba alisimama katikati kama refa anayetaka mpira uishe awahi nyumbani.

Bint Wete

Assalaam alaykum. Mie nipo Pemba, ya isale siyajui, lakini nina kisa.

Kwetu mtu akijaaliwa kwenda Hija, kabla hajasafiri huzunguka kuomba radhi kwa jamaa na majirani. Bibi yangu alizunguka mtaa mzima, kisha usiku akatuita wajukuu chumbani kwake mmoja mmoja. "Mjukuu wangu, kama nimekukosea nisamehe, sijui kama nitarudi." Sote tunalia, tunasema tumesamehe. Akaingia mdogo wangu wa kiume, yupo skuli darasa la pili. Akamwambia, "Mimi bado." Bibi akamuuliza kwa nini. "Ulimgaia mtoto wa jirani njiwa wangu, hukuniuliza."

Mama alikuwa mlangoni, akaingiza mkono kutaka kumfinya. Bibi akamwambia, "Mwache, anadai haki yake." Akavaa buibui usiku ule ule akenda kwa jirani. Njiwa alikuwa keshaliwa. Akarudi, akakaa kitandani, akasema, "Njiwa wako kaliwa, nami siwezi kumtapisha mtu. Nikulipe nini?" Mtoto akafikiri. "Wawili." Akalipwa wawili, bibi akasafiri kwa amani, na akarudi salama na tende zetu.

Katika mafunzo yetu, toba kati ya mtu na Mola wake ni jambo moja, haki ya mja mwenzio ni jambo jengine. Hiyo huifuti mpaka umrudishie mwenyewe au mwenyewe aiwache kwa ridhaa yake. Nami nimesoma maneno yako yote, dada yangu, baba kasema, bibi wa Kibosho kasema, wewe umesema. Huyo mtoto nani kamuuliza anadai nini?

Jeshi la Mtu Mmoja

Mnamharibia mwenzenu nyumba. Mtoto wa miaka 9 anadai nini kwa mdogo wake, kuku aliyenunuliwa na nani? Akiruhusiwa kununa wiki nzima leo, kesho atamnunia mume wake mwezi. Samahani imetolewa, apokee, maisha yaendelee.

Mama Goba

Nimerudi. Naandika huku wamelala.

Fundi, nilifanya ulivyosema. Nilimwita nikamwambia, "Baba, hebu funga banda, mama ana mikono michafu." Kufungua ule waya alifungua mara moja. Kuufunga hawezi. Anauzungusha, ukimwachia unajikunjua taratibu, mlango unabaki umeegeshwa tu. Akajaribu tena, akaanza kulia, akanionyesha kidole cha shahada. Kuna mchubuko wa waya umeanza kukauka. Jioni ile alijaribu kuufunga. Alidhani umekamata. Wote tulimwona na kidole hicho wiki nzima na hakuna aliyeuliza.

Bint Wete, nawe nilifuata ulichosema. Nilimkuta binti anaosha vyombo, nikachukua kitambaa nikawa nakausha. Nikamuuliza anadai nini. "Sidai kitu." Nikanyamaza, tukaendelea na vyombo. Tulipofika kwenye sufuria akaanza kunitajia vifaranga kwa majina. Sikujua kama wana majina. Shingo Tupu. Bodaboda, kwa sababu alikuwa anapita popote. Mwalimu Mkuu, alikuwa anatembea kifua mbele. Akawataja wote saba waliokufa, mmoja mmoja na tabia zake, nami nikasikiliza. Halafu akasema, "Baba alisema ataweka komeo. Nilimkumbusha Jumamosi, akasema nisimsumbue. Halafu anasema yaishe."

Kumbe hasira nyingi wala si za mdogo wake.

Nilimweleza mume usiku. Hakujibu, akageukia ukutani. Kesho yake karudi mapema na komeo, bawaba mpya na wavu mita mbili, akapiga nyundo mpaka giza linaingia, mimi namshikia tochi. Banda sasa hata chui haingii. Halafu akaleta mfuko aliokuwa ameuacha kwenye gari, akampa binti mkononi bila neno. Chipsi kuku.

Binti alikula chipsi. Kuku alimpelekea mbwa wa jirani.

Mtoto wa Magomeni

CHIPSI KUKU?? Shemeji naye! Nimecheka mpaka bosi kaniuliza.

Lakini tuseme ukweli, baba zetu wote ndivyo walivyo. Wangu akishakukosea utaona jioni karudi na nusu kilo ya nyama, anamwambia mama kwa sauti ili usikie, "Mpe huyo vipande vya maana." Hapo umeshaombwa msamaha na ukijifanya hukuelewa umeula wa chuya.

Fundi Mabanzi

Kupiga bawaba gizani baada ya kazi siyo mchezo. Mimi naona baba kashaomba msamaha.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, kwako wewe kaomba, kwa sababu wewe unajua kazi ya kupiga bawaba gizani. Mtoto wa miaka 9 anaona banda limetengenezwa, hajui kama ni kwa ajili yake au kwa sababu mama kalalamika. Komeo ni zuri na limetangulia mahali pake, hapo namsifu. Bado maneno. Na yasiwe marefu: "Ulinikumbusha, nikakwambia usinisumbue. Nilikosea." Hayo tu, kisha aondoke zake. Asimsimamie asubiri kusamehewa.

Ninafundisha darasa la kwanza, nina watoto zaidi ya 80 darasani, kwa hiyo ugomvi wa penseli na wa nani kakanyaga daftari la nani ndiyo chai yangu. Samahani ya haraka siitaki. Mtoto akija mbio "samahani mwalimu, samahani Juma", namuuliza, "Umefanya nini?" Nusu yao hawajui. Wanajua mwenzao analia na mtu mzima kakasirika, na wanajua neno linalozima hilo. Huyo wako alipoambiwa aombe msamaha, aliomba kwa lipi? Kwa kufungua? Kwa waya? Kwa kuku kufa? Kwa miaka yake 6 kicheche wala hamjui.

Lakini msimsafishe kabisa kwa sababu ya waya. Alikatazwa kufungua na akafungua. Hilo ni lake. Aje aseme kwa mdomo wake, "Ulinikataza nikafungua." Sehemu ya komeo ni ya baba. Mkizitenganisha hizo mbili, binti ataona kila mtu kabeba cha kwake, naye hatalazimika kummwagia yote huyo mdogo.

Na kila siku kumuuliza "umeshamsamehe?" acheni. Huko ni kumfundisha kusema ndiyo ili mumuache.

Jeshi la Mtu Mmoja

Baba akimwomba mtoto msamaha leo, kesho mtoto anampanda kichwani. Hayo nimeyaona.

Mzee wa Umbwe

Kijana, babu yangu alisema "tumekula maharage yako" mbele ya mjane na mbele ya wajukuu wawili. Alikufa mzee sana, na mpaka anakufa akikohoa tu sisi tunanyamaza.

Mama Goba

Mwalimu, ahsante, nimemsomea mume sehemu yako yote. Amesema "huyo mwalimu anapenda maneno", lakini leo asubuhi nikiwa jikoni nimemsikia anamwambia binti kitu pale bandani. Sikusikia chote, nilisikia "Jumamosi" na nikasikia "kweli". Binti hakujibu. Akamwonyesha tu kwamba komeo liko juu mno, tetea akitaka kufungiwa mapema yeye halifikii mpaka apande ndoo. Mume akalishusha kabla ya kwenda kazini, akachelewa.

Kwa mdogo wake bado. Mkono hajampa. Ila leo kamruhusu kubeba kopo la pumba, na amemkaripia kwa kumwaga, jambo ambalo wiki nzima hakulifanya maana alikuwa hamsemeshi kabisa. Sijui kama hayo ni maendeleo.

Bint Wete

Kumkaripia ni maendeleo makubwa, dada. Kumnyamazia ndiko kubaya.

Mama Goba

Sasa limebaki la mama mkwe. Jana kapiga tena, anasema isale ameshalichagua kabisa, na shangazi zao amewaambia waje. Mzee wa Umbwe, nisaidie, wewe ndiye unayemjua mama wa namna hiyo.

Mzee wa Umbwe

Kwanza, usimwambie wewe. Ukimwambia wewe itakuwa mwanamke wa Pangani amekataa mila zetu, na shangazi watakuja wawili zaidi. Mwanawe ndiye ampigie.

Asiseme hatutaki isale. Aseme hivi: "Mama, isale ni kubwa, tulitunzie mambo ya wakubwa. Ila kijana hana wa kumsindikiza kwa dada yake, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokosa, siwezi kumsindikiza. Tunakuomba wewe." Mpe mama kazi, usimnyang'anye. Mkifika, yeye amshike mjukuu mkono, wakamchague kuku pamoja bandani kwake, wampelekee dada pamoja, na mtoto aseme alichofanya kama mwalimu alivyoeleza. Binti akipokea kuku na akakaa kimya, bibi aambiwe mapema kwamba hapo pametosha. Hapo pa kuambiwa mapema ndipo pagumu, kwa hiyo mwanawe alirudie mara mbili.

Shangazi waje tu. Wapikieni, wanywe mbege, wale kiburu, hakuna haja ya kuwarudisha. Na mkipanda msisahau sukari ya mama na sabuni za miche, bibi akiwa na mzigo wake mkononi husikia vizuri zaidi.

Mama Goba

Nimemwonyesha mume. Amesema atampigia Jumapili baada ya misa, akishakula akashiba.

Mzee wa Umbwe

Kushiba kwake yeye kunatusaidia nini? Apige mama akishashiba.